Borne ya Nne ya Garage ya Déborah

Niliwaacha na bwana géomètre, mpima viwanja wetu, amesimama katikati ya mboga zangu za lengalenga, kofia mkononi, jasho kwenye pua, akisema neno moja tu:

"Haiko."

Kwa yule anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni bibi yenu, Koko Pudentienne wa Nyamianda, huku chini karibu na ziwa. Mjukuu wangu Déborah, niliyemlea kwa mikono hii, amepata permis ya kuendesha gari. Papa Sévère, yule mwenye duka la simenti kule juu ya avenue yetu, amekubali kumpa taksi yake aendeshe. Mwanamke wa kwanza kwenye parking yetu ya taksi!

Lakini Papa Sévère ana sharti. Gari yake hailali nje. Inataka garage, na garage inataka autorisation, kibali cha kujenga. Bureau ikatuambia: hakuna autorisation bila parsele, kiwanja chenyewe, kupimwa na géomètre na kuandikiwa PV, hati ya vipimo. Na hakuna PV bila borne nne, zile alama za mpaka, moja kila pembe.

"Jumatatu nione PV imesainiwa," alisema Papa Sévère. "Bila vile, ufunguo nampa Lionel."

Lionel! Mnamkumbuka. Ni yule aliyeingiza gari ya watu ndani ya ziwa akisema anaosha tairi.

Mimi nilidhani garage ni kuta tatu na bati. Kumbe garage ni karatasi kwanza. Nikauza mbuzi. Mmoja alienda kufungua dossier. Wa pili akaenda kwenye plan. Wa tatu, yule wa pembe moja, akaliwa na safari za géomètre. Garage haina hata tofali moja, lakini karatasi zake zimejaa valisi ya marehemu mume wangu mpaka haifungi.

Basi ilikuwa Ijumaa, na borne ya nne haiko.

Géomètre wetu anaitwa Bonaventure. Ni kijana mpole, mwenye kusema polepole kama muntu anayesoma misa.

"Koko," akaniambia, "borne ni kitu cha simenti. Urefu wake kama mkono wangu huu. Iko na chuma kichwani na namba ubavuni. Haina miguu."

"Mwana wangu, mwaka wa mafuriko hata nyumba zilipata miguu hapa Uvira."

Déborah akacheka. Bonaventure hakucheka. Akachoma chuma chake kirefu ardhini, huku, kule, pembeni mwa ua wa Mama Gloriose jirani yangu. Kila mara kinaingia laini kama kijiko kwenye uji.

"Sasa tunafanya nini?" Déborah akauliza.

"Tunaanza upya. Tunaita majirani wote wa avenue, tunapima tangu mwanzo, kila muntu anasaini. Wiki tatu, kama hakuna mwenye kubisha."

"Wiki tatu! Na bei?"

"Mara mbili."

Nikahesabu mbuzi waliobaki. Alibaki beberu.

"Na tena," Bonaventure akasema, "kama kuna muntu aling'oa ile borne, hiyo ni kesi. Kung'oa alama ya mpaka ni gereza."

Nyuma ya ua, Mama Gloriose akakohoa. Sikuweka akili pale. Gloriose anakohoa kila akisikia habari za watu, ili wajue kwamba hasikilizi.

Nikawaita wakule. Siwezi kumwacha muntu aondoke kwangu na njaa, hata kama ameniletea msiba. Nikapakua bugali na maharagi. Bonaventure akaonja, akafunga macho.

"Koko! Haya maharagi yameiva mpaka ndani. Unapikaje?"

"Si mimi, ni jiko. Figa langu la tatu halichezi. Sufuria ikikaa pale ni kama imekaa juu ya kiti cha askofu."

Nikasema vile. Kijiko changu kikabaki hewani.

Figa la tatu.

Wapenzi, nawaambia hapa kile ambacho sijamwambia hata padri.

Mwaka ule wa mafuriko, tuliporudi kutoka shule tulikokimbilia, nilikuta jiko langu limebaki na mafiga mawili. La tatu maji yalikuwa yamelichukua. Na pale uani, ndani ya matope, kulikuwa na kipande cha simenti, kimesimama vizuri, kimenyooka, kizuri kama zawadi. Nikasema: Mungu amechukua, Mungu amerudisha. Nikakizika nusu, upande wa chuma nikauweka chini, nikainjika sufuria.

Nimepikia pale tangu siku ile. Ubatizo sita. Kilio cha mume wangu. Mahari ya Fanny, binti yangu. Na sasa nilikuwa nimempikia géomètre, juu ya kitu kile kile alichokuwa anatafuta kwa chuma chake!

"Koko, uko na nini?" Déborah akauliza. "Unatetemeka."

"Pilipili."

"Hakuna pilipili."

"Njo sababu natetemeka."

Bonaventure akaomba kuongezewa.

Sikulala vizuri. Nikisema ukweli, ni gereza. Nikinyamaza, ni Lionel. Na kulikuwa na jambo jingine. Mama mkwe wangu, mtu wa Mutarule, siku ile aliyoniingiza jikoni aliniambia: "Mwanamke haling'oi figa lake mwenyewe. Akiling'oa, nyumba haitakosa kucheza." Sikujua anasema kucheza kwa namna gani. Nilikuwa karibu kujua.

Jumapili, watu wote walikwenda misa.

"Koko, haujavaa?"

"Tumbo."

Déborah akaniangalia. "Hilo tumbo linauma siku ya Mungu tu?"

"Nenda uniombee."

Alipotoka tu, nikashika jembe. Figa likagoma. Nikavuta, nikasukuma, nikalibembeleza, nikalitukana kwa Kirundi. Likatoka ghafla, nikakaa kwenye majivu.

Nikaliosha kwa mchanga. Nikaliosha kwa majivu. Nikalisugua kwa jani. Masizi yakatoka, mengine yakakataa. Namba ubavuni, bila miwani, niliiona kama nyayo za kuku. Nikasema basi, udongo utafunika.

Kazi ikawa kulibeba. Lilikuwa zito! Nikalifunga mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto. Nikatoka jikoni nimeinama, jembe mkononi, nikaelekea pembe ya parsele.

Na nani anapita njiani, amechelewa misa? Mama Consolée wa kwaya.

"Pude! Mtoto wa nani huyo?"

"Wa... wa mgeni."

"Yoo! Analala vizuri!"

"Sana. Hajalia tangu mafuriko."

Akapita. Kisha akasimama, kama muntu aliyehesabu miaka. Kisha kengele ikalia, akakimbia.

Nikafika pembeni. Hapa sasa ndipo dhambi yangu ya kweli, ile nyingine ilikuwa kutojua tu. Maana mimi sikukumbuka borne ilikuwa inakaa wapi zamani. Nilikumbuka tu upana wa garage. Nikaangalia upande wangu, padogo. Nikaangalia upande wa Gloriose, migomba mitatu iliyokonda, haizai hata ndizi ya kulilia. Nikasema moyoni: hatua mbili tu. Migomba haitajua.

Nikavuka hatua mbili. Nikaanza kuchimba.

"Pude."

Jembe likanitoka.

Mama Gloriose alikuwa amesimama kati ya migomba yake, kanga kichwani, mikono kiunoni. Hakwenda misa. Yeye, ambaye haachi misa hata akiwa na malaria!

"Unapanda nini, dada? Mihogo ya simenti?"

"Gloriose..."

Akaona kile nilichobeba mgongoni. Akaona masizi. Akaniangalia mimi, nimejaa majivu toka kichwa mpaka kanga. Nikangoja apige kelele. Tangu miaka kumi na tano tunagombana juu ya ule ua: kuku wake kwangu, mbuzi wangu kwake.

Gloriose akaanza kucheka.

Alicheka akashika mgomba. Mgomba ukainama. Akacheka akakaa chini. Alicheka mpaka machozi, akijipiga mapaja, akimwita Mungu kwa Kirundi, "Mana yanje! Mana yanje! Na weye pia!"

"Mimi pia nini?"

"Hakuna kitu. Hakuna kitu. Lete jembe."

Akasimama, akajipangusa. Akaangalia shimo langu, akatikisa kichwa.

"Si hapa. Huu ni wizi."

"Ni hatua mbili tu..."

"Hapa." Akatembea moja kwa moja, bila kupima, bila kuwaza, hatua moja na nusu kurudi kwangu, akakanyaga kwa kisigino. "Hapa njo yenyewe ilikuwa inakaa."

"Unajua namna gani?"

"Minye najua tu."

"Na gari itapita?"

"Itapita, kama Déborah hana kiburi."

Tukachimba pamoja, wabibi wawili, siku ya Bwana. Tukalisimamisha. Gloriose akamwagia udongo mkavu, akaleta majani ya mgomba, akaleta hata mavi ya mbuzi akayatawanya juu, kama muntu anayepamba meza.

"Mbuzi wako," akasema. "Leo amefaa."

Tukashikana mikono. Hakuna aliyeona, hakuna aliyejua. Nikarudi jikoni, nikaweka kopo la maziwa lililojaa mchanga pale palipokuwa na figa. Sufuria ikakaa upande, kama kofia ya mlevi. Nikasema, itatosha.

Jumatatu, asubuhi, mlio wa gari kwenye avenue.

Taksi ilikuwa nyeupe, imeoshwa. Papa Sévère akashuka, ufunguo unazunguka kwenye kidole. Déborah alikuwa amevaa shati lenye kupigwa pasi mara mbili. Hakuweza kuiangalia ile gari. Aliangalia vidole vyake tu. Nikaona anaogopa kuipenda kabla ya wakati.

Nilikuwa nimeinjika maharagi ya wageni. Bonaventure akavuta mkanda wake toka borne ya tatu, akasoma croquis, ule mchoro wa parsele, akasimama palepale. Akachoma chuma.

Tok!

Akachoma tena. Tok!

"Ijumaa nilichoma hapa hapa," akasema. "Hapa hapa. Sikukuta kitu."

"Pengine Ijumaa ilikuwa imelala," Gloriose akasema toka upande wake.

Déborah akapiga makofi. Mimi nikapiga makofi zaidi ya wote, mpaka Papa Sévère akaniangalia. Bonaventure akachimba, akapangusa, akavuta borne nje, akaigeuza kwenye jua. Akasoma.

Akasoma tena.

"Koko, parsele yenu ni namba gani?"

"Mia tatu kumi na nane," Déborah akajibu. Ameijua kwa moyo, kama sala.

"Hii imeandikwa arobaini na tano."

Basi haikuwa yetu! Maji yalikuwa yameileta toka kwa mwingine, nami nilikuwa nimempandia géomètre borne ya ugenini, imesimama palepale kwa croquis.

"Arobaini na tano?" Papa Sévère akaruka. "Arobaini na tano ni minye! Ni ya kwangu, kule juu!"

Akainyakua. Akaikumbatia na suruali yake ya kazi, na udongo, na yale mavi ya mbuzi. "Naitafuta tangu mafuriko! Jirani yangu amejenga banda ya kuku ndani ya parsele yangu, ananiambia: onyesha borne yako! Miaka yote hii natembea tribunal na kesi yangu kama muntu anatembea sokoni! Ee Mungu, borne yangu!"

Karibu aibusu. Sisi wote tulicheka kwa kuona muntu mnene vile anabembeleza simenti.

Kisha akaangalia shimo na majani ya mgomba. Uso ukageuka.

"Lakini maji hayachimbi shimo," akasema. "Maji hayafuniki na majani ya mgomba. Kuna muntu alikuwa nayo. Alikuwa nayo, na minye nilikuwa nalia." Ufunguo ukaacha kuzunguka. Akauingiza mfukoni. "Aliyekamata borne aseme sasa. Bila vile, gari inarudi."

Déborah akageuza kichwa polepole, akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia vile alivyoniangalia akiwa mdogo, akianguka, akingoja kuona kama nitasema ameumia ao hajaumia.

Nikasema moyoni: Pudentienne, umeshakula miaka mingi. Gerezani nako wanakula. Acha mtoto apate gari.

Nikafungua mdomo.

"Ni minye!"

Sauti haikuwa yangu.

Ni Gloriose. Alikuwa amevuka ua, amepiga magoti mbele ya Papa Sévère, kanga imemtoka kichwani.

"Ni minye, Papa. Nilikamata borne. Mwaka wa mafuriko figa yangu ilienda na maji, na nikaona ile kitu imesimama pembeni, udongo umeisha kutoka, iko tu inanesanesa. Nikasema simenti ya bule. Munisamehe. Iko chini ya sufuria yangu mpaka sasa."

"Mama," Bonaventure akasema, polepole kabisa, "borne iko hapa. Papa ameishika."

Gloriose akaiangalia ile ya Sévère.

"Hiyo siijue. Minye nasema ile yenye nilikamata minye."

Tukaenda wote jikoni kwake, mbio, hata kuku wakakimbia. Sombe yake ya majani ya mihogo ilikuwa inatokota. Bonaventure akatua sufuria kwa kofia yake, akapiga magoti kwenye jivu, akasugua figa kwa mkono wa shati.

"Tatu," akasoma. "Moja." Akasugua. "Nane."

Borne yetu! Miaka yote, hatua thelathini toka kwangu, chini ya sombe ya Gloriose! Sasa nikaelewa kile kicheko cha Jumapili. Sasa nikaelewa kisigino kile kilichojua mahali bila kupima. Aliyeing'oa ndiye ajuaye shimo.

Déborah akapiga kelele moja ambayo nadhani ilisikika Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Akamrukia Gloriose shingoni. Papa Sévère alijaribu kubaki na hasira. Mashavu yakamshinda.

"Mama weye! Unapikia sombe juu ya parsele ya jirani!"

"Na haijaungua hata siku moja, Papa."

Akacheka mpaka akashika mlango. Tukarudi kwangu tunacheka wote, Bonaventure amebeba borne yetu, Papa Sévère amebeba yake, kama maarusi. Borne ya nne ikasimamishwa pahali pake. Bonaventure akapima, pembe zote nne zikakubaliana, garage inaingia na nafasi ya mkono mmoja inabaki. Akakaa kwenye ndoo, akaweka karatasi gotini, akaandika: PV.

"Basi," Papa Sévère akasema. Akatoa ufunguo mfukoni. "Mutoto, njoo."

Déborah akajipangusa mkono kwenye shati lake jeupe. Akaunyoosha.

Kalamu ya Bonaventure ikasimama.

Alikuwa anaangalia borne ya Papa Sévère, pale chini miguuni pake. Akapitisha kidole ubavuni. Kidole kikarudi cheusi. Akakinusa.

"Hii nayo," akasema, "iko na masizi."

Akakinusa tena.

"Na maharagi."

Ndipo kule jikoni kwangu kopo la maziwa lilipochoka. Tukasikia bati linapasuka, mchanga unamwagika, na sufuria nzima, pwaa!, ndani ya moto. Moshi ukatoka mlangoni kama gari la moshi.

Bonaventure akasimama. Akaweka kalamu nyuma ya sikio, akatembea mpaka mlango wa jiko langu, akainama, akaingiza kichwa. Akanyoosha kidole, akasema kwa sauti ile ile ya kuhesabu pembe za parsele:

"Moja."

Ufunguo ulikuwa bado hewani, kati ya vidole vya Papa Sévère na vya Déborah.

"Mbili."

Akageuka. Aliniangalia kwa upole, yule kijana aliyekula kwangu na kuomba kuongezewa.

"Koko," akasema, "figa ya tatu, ile yenye haichezi, iko wapi?"